Bibi aliuliza tuliimba nini



Nilikuwa nikiimba besi katika kwaya ya kigango kimoja jirani na Ihanja, mkoani Singida. Msimu wa kuvuna alizeti tulimzika mzee mmoja, na Misa ile ya wafu tuliiimba kwa Kilatini. Tulijisikia kweli kweli. Baada ya mazishi mjane wake akanishika mkono.

“Mwanangu, ule wimbo kabla ya komunyo ulimwombea nini mzee wangu?”

“Ni Kilatini, bibi.”

Akaendelea kunitazama, akisubiri. Sikuwa na la kuongeza.

Katika 1 Wakorintho 14, Mtume Paulo anasema ataimba kwa roho na kwa akili pia, kisha anauliza asiyeelewa ataitikiaje Amina. Bibi yule alikwisha kuitikia kwa imani. Asiyeelewa alikuwa mimi, mwimbaji.

Nikiri na la pili. Karatasi ya solfa niliyoshika siku ile sikuweza kuisoma. Nilimfuata jirani yangu kwa sikio, nikichelewa kidogo kila mara. Jirani huyo akiugua, besi yote inapotea. Wengi wetu tuko hivyo, na walimu wa kwaya wanajua, ila Jumapili iko karibu na kukaririsha ni haraka.

Hata hivyo solfa ilienezwa kwa ajili ya watu kama sisi. John Curwen, mchungaji wa Uingereza, aliieneza katika karne ya 19 ili watu wa kawaida, wasio na kinanda nyumbani, wasome muziki. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya Afrika Kusini, alitunga kwa solfa wimbo ambao tuni yake ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika.

Ukitaka kuanza, weka maneno kando. Nukta mbili hutenganisha mapigo. Kistari kinakwambia uendelee kushika sauti ile ile. Piga makofi mstari mmoja mpaka usikosee, ndipo uimbe do, re, mi. Mwalimu akipandisha do au akiishusha, umbali wa kutoka do hadi so haubadiliki. Ukiushika katika wimbo mmoja, umeushika katika nyimbo zote. Kwangu mimi, dakika 10 kila jioni zimezaa kuliko Jumamosi nzima ya kukariri.

Kwa matamshi tumebarikiwa. Irabu za Kilatini cha Kanisa hutamkwa karibu sawa na a, e, i, o, u zetu. Mwingereza huzihangaikia, wewe unazo tangu utoto. Gn ni ny yetu, kwa hiyo Agnus husomwa “Anyus”. C ikitangulia e au i huwa ch. Maana ndiyo kazi: chukua penseli, muulize padre au katekista, uandike Kiswahili chini ya kila neno.

Mimi nilimuuliza padre. Wiki iliyofuata nikarudi kwa bibi nikamweleza kwamba tulimwomba Mwanakondoo wa Mungu awape marehemu pumziko. Akanyamaza kitambo, akauliza kama tutauimba tena siku ya arobaini.

Nikamwambia nitamwomba mwalimu. Jioni ile nilikaa nyuma ya nyumba na karatasi yangu, nikaanza kupiga makofi mstari wa besi.