Maji ya Kijani Ziwani: Kuchemsha Peke Yake Hakutoshi

Katika mikutano yetu na vikundi vya kando ya Ghuba ya Winam, swali moja halikosi kuulizwa. Mama mmoja husimama na kusema: "Maji yakiwa kijani tunayachuja kwa kitambaa, halafu tunayachemsha. Si hapo yanakuwa salama?"

Tunasikitika kujibu: hapana. Tunakiri pia kwamba sisi wenyewe kwa miaka mingi tumefundisha "chemsha maji" kana kwamba hilo linamaliza kila kitu. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na kwa sababu hiyo tusiache kamwe. Lakini sumu iliyo ndani ya kile kijani haiuawi na moto, kwa kuwa si kijidudu. Ukichemsha maji ya chumvi, chumvi inabaki sufuriani. Sumu hii nayo ni hivyo hivyo. Tena moto huvipasua vile viumbe vya kijani, na sumu waliyokuwa wameishika inamwagika majini.

Basi kile kijani ni nini? Ni viumbe vidogo sana ambavyo wataalamu huviita saianobakteria. Huishi kwa mwanga wa jua kama majani ya mimea. Vimo karibu katika kila ziwa tangu zamani, na vikiwa vichache havina neno. Shida huanza vikizaana hadi maji yafanane na sukuma wiki iliyopondwa. Vingine vina vipuli vya hewa ndani, kwa hiyo huelea juu, na upepo huvisukuma mpaka ufuoni, pale pale kina mama wanapochota na ng'ombe wanapokunywa. Jamii moja inayopatikana katika ghuba yetu, Microcystis, inaweza kutoa sumu iitwayo mikrosistini, ambayo hushambulia ini. Mtu anaweza kutapika, kuhara, au kuwashwa ngozi baada ya kuoga. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha mikrosistini katika maji ya kunywa ya kila siku: isizidi sehemu moja ya milioni ya gramu kwa lita. Ni kidogo hivyo.

Asiyeamini asikie haya. Mwaka 1878 George Francis aliandika habari za kondoo, farasi na mbwa waliokufa baada ya kunywa utando wa kijani wa Ziwa Alexandrina huko Australia. Mwaka 1996, mjini Caruaru, Brazil, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walikufa kwa sababu maji yaliyotumiwa katika mashine za kusafisha damu yao yalikuwa na sumu hii. Na Agosti 2014 mji wa Toledo, Marekani, wenye mitambo yake yote ya kusafisha maji, uliwaambia watu wapatao 400,000 wasinywe maji ya mfereji, na wasiyachemshe.

Sasa tuje kwenye chanzo. Wengine husema ni jua kali, wengine ati ni gugu maji, wengine wanalaumu samaki wa kigeni. Joto na maji yaliyotulia husaidia, ndiyo, lakini viumbe hivi haviwezi kuongezeka bila chakula. Chakula gani? Mwaka 1973, nchini Kanada, David Schindler na wenzake waligawanya ziwa dogo mara mbili kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia hizo hizo, wakaongeza fosforasi. Upande wa fosforasi uligeuka kijani; ule mwingine ukabaki safi. Ziwa moja, jua moja.

Mkulima anaweza kuelewa jambo hili upesi. Maharagwe yana vinundu mizizini ambavyo huchukua naitrojeni kutoka hewani. Baadhi ya saianobakteria nao wana uwezo huo, kwa hiyo naitrojeni ikipungua wanaitafuta juu. Fosforasi haipatikani hewani. Lazima iletwe. (Wako wataalamu wanaosema naitrojeni nayo ipunguzwe, na tunaona wana haki, lakini hakuna anayesema fosforasi iachwe.)

Inaletwa na nani? Hapa ndipo mkutano hunyamaza. Inatoka kwenye maji machafu ya miji, na hilo tuendelee kulidai kwa viongozi wetu bila kuchoka. Lakini inatoka pia kwenye mbolea ya kupandia, samadi, vyoo, na sabuni za unga zenye fosfeti. Zaidi ya yote tukumbuke kwamba fosforasi hushikamana na udongo. Udongo ukihama, inahama nao. Mtu asimame kwenye daraja la Mto Nyando baada ya mvua kubwa, atazame yale maji mekundu. Lile ni shamba la mtu linapita. Na ghuba yetu haina kina kirefu, tena inaunganika na ziwa kubwa kwa mlango mwembamba, kwa hiyo kinachoingia hakitoki upesi.

Kwa hiyo kikundi cha milimani kinachochimba matuta ya fanya juu kinalinda mtungi wa mama wa ufuoni, hata kama hawajuani. Tunashauri vikundi vya juu na vya chini vitembeleane. Nyasi za nepia zipandwe kwenye kingo za matuta, zitafaa na ng'ombe. Mbolea ya kupandia itiwe ndani ya shimo na kufunikwa, isirushwe juu kabla ya mvua. Ukanda kando ya mto usilimwe hadi majini. Mafunjo yasifyekwe wala kuchomwa ovyo, kwani huzuia udongo na kunywa mbolea iliyokuwa ikienda ziwani. Nguo zifuliwe mbali na ufuo, na maji ya sabuni yamwagwe kwenye udongo, usiomomonyoka. Kuhusu vyoo, mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, shimo refu ni hasara. Afadhali choo kilichoinuliwa.

Tusidanganyane kwamba ziwa litasafika mwaka ujao. Fosforasi iliyokwisha kuzama kwenye tope inaweza kurudi juu hewa ya majini inapopungua. Hata hivyo maziwa hupona. Ziwa Washington, penye mji wa Seattle, lilichafuka kwa maji machafu. Yakaelekezwa kwingine hatua kwa hatua kati ya 1963 na 1968, na katika miaka ya 1970 maji yakawa maangavu tena.

Wakati tunangoja, tunywe nini? Maji ya mvua kwanza. Kikundi chenye akiba kianze na mabati, mifereji ya paa na tangi kabla ya kufikiria mradi mwingine. Kisima kilichofunikwa pia ni kizuri. Ikibidi kuchota ziwani, msichote penye utando. Nendeni kwa mashua mbali na ufuo, mahali palipo wazi. Hata hapo yachemsheni. Msitie klorini kwenye maji ya kijani mkidhani yatapona, kwa maana nayo hupasua viumbe vile. Mifugo inyweshwe kwenye birika. Samaki wakubwa watolewe matumbo na maini. Omena ni jambo gumu, kwani huliwa mzima: utafiti uliotolewa mwaka 2018 kuhusu ghuba hii ulikuta mikrosistini katika samaki wadogo. Hatusemi omena waachwe, maana ni chakula cha maskini. Tunasema wasinunuliwe waliovuliwa penye maji ya kijani.

Kila kikundi kinaweza kujipimia. Chukueni chupa safi ya kioo, ijazeni maji ya ziwa karibu mpaka juu, ifunikeni na kuiweka mahali pa baridi usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi, kama kijani kimepanda juu na kufanya duara, yaelekea ni saianobakteria. Kikizama chini, huenda ni mwani wa kawaida. Chupa haionyeshi kiasi cha sumu, hiyo ni kazi ya maabara. Lakini mkiona duara, mwiteni afisa wa afya siku hiyo hiyo, na mwambieni jirani anayechota hapo asichote.