Mafua ya Mtoto wa Shule Ni Hatari kwa Mchanga

MAMA mmoja wa Kawangware aliniletea mwanawe wa miezi mitatu usiku, mbavu zikibonyea kila alipovuta pumzi. "Daktari, ameutoa wapi ugonjwa huu na hatoki nje?" aliniuliza. Kando yake alisimama mvulana wa gredi ya pili, akijifuta makamasi kwa mkono wa sweta.

Je, msomaji, umekwisha kumtambua aliyeuleta?

Virusi viitwavyo RSV kwa kawaida huwapa watu wazima na watoto wakubwa walio wengi mafua tu. Kwa mchanga, ambaye mirija yake ya hewa ni myembamba sana, huweza kuiziba mirija hiyo na hata kuua.

Kati ya Desemba 2009 na Juni 2010, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walizifuatilia familia 47 za Kilifi, watu 493 kwa jumla. Miongoni mwao alikuwa Patrick Munywoki, wakati huo akisomea shahada ya uzamifu. Mara mbili kwa wiki walichukua majimaji ya pua ya kila mtu, awe mgonjwa au mzima. Wachanga 28 waliambukizwa, na 15 kati yao walivipata virusi kutoka kwa watu wa nyumbani mwao. Katika visa 11 kati ya hivyo 15, aliyemwambukiza mchanga alikuwa mtoto mkubwa, hasa kaka, dada au binamu anayesoma. Tena wapo waliokuwa na virusi puani bila hata kukohoa.

Hayo ni ya Kilifi, kwenye boma lenye uwanja. Sasa fikiria Kibera au Kawangware, ambako familia nzima hulala katika chumba cha futi 10 kwa 10, na darasani watoto wamebanana.

Najua huwezi kuongeza chumba. Lakini yapo unayoweza kufanya:

• Mtoto atokaye shuleni anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mchanga. Akiwa na mafua, asimbusu wala kumbeba.

• Usiku, mwenye mafua alale mbali na kichwa cha mchanga, hata kama kitanda ni kimoja.

• Fungua mlango na dirisha mchana, na jiko la makaa liwe nje. Moshi huyadhoofisha mapafu.

• Mnyonyeshe mchanga maziwa yako pekee hadi atimize miezi sita.

• Usimpe dawa ya kikohozi ya dukani. Antibiotiki nazo haziui virusi. Mwachie mhudumu wa afya aamue kama zinahitajika.

Mtoto akikohoa, mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi mwaka, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni ishara ya hatari. Mbavu zikibonyea, akikataa kunyonya au midomo ikigeuka samawati, usingoje kupambazuke. Mkimbize hospitali.

Mtoto yule wa Kawangware aliwekewa oksijeni, akalazwa siku tano na kupona. Mama yake aliniambia alikuwa amengoja siku mbili akidhani ni mafua tu. Wewe usingoje.