Je, Wajua? Miguu ya Arusha

Je, wajua kwamba rekodi ya dunia ya mita 1500 iliwahi kushikwa na mtoto wa Karatu? Filbert Bayi aliivunja Februari 2, 1974, Christchurch, New Zealand, katika fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alichomoka tangu mlio wa bastola, akaongoza mwanzo mwisho, wenzake wakabaki kumfukuza. Muda wake ulikuwa dakika 3 na sekunde 32.16. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, na bado hakumfikia.

Je, wajua kwamba muda huo ulibaki rekodi ya michezo hiyo kwa miaka 48? Ulivunjwa Birmingham, mwaka 2022.

Mei 1975, Bayi akachukua na rekodi ya maili, Kingston, Jamaica. Watu wakasubiri akutane tena na Walker kwenye Olimpiki ya Montreal, 1976. Hawakukutana. Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusia, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker akatwaa dhahabu. Bayi alichangia ukombozi wa wenzetu kwa miaka yake bora kabisa, na hilo linastahili kuandikwa juu ya rekodi zake zote.

Je, wajua kwamba Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki? Zote ni fedha, zote za Moscow 1980: Bayi kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui kwenye mita 5000.

John Stephen Akhwari, aliyeumia goti Mexico 1968 na bado akamaliza marathoni, ni wa Mbulu. Siku hizi Mbulu iko Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002.

Je, wajua kwamba Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, una jina la mshairi? Ndiye aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi.

Mkimbiaji wa marathoni ana jaribio moja, na likiharibika husubiri miezi. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida anayejifua Arusha, alipata shaba ya dunia London 2017 kwa saa 2:09:51. Septemba 15, 2025, Tokyo, alimaliza kwa 2:09:48. Sekunde tatu pungufu, miaka minane ya jasho! Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda uleule. Picha ya mstarini ndiyo iliyoamua, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano ya dunia ya riadha.

Kwa nini Arusha? Jiji liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na miteremko ya Meru inapanda zaidi. Hewa ya juu ni nyepesi. Mwili hujibu kwa kuongeza chembe nyekundu za damu, zinazobeba oksijeni.

Basi wewe dereva wa daladala au bodaboda, ukiwakuta vijana alfajiri wakikimbia pembeni ya barabara ya Namanga kuelekea Ngaramtoni, punguza mwendo, uwaachie nafasi.