Land Rover kuukuu: Chasisi na kadi kwanza, injini baadaye

Land Rover za zamani zilizo juu ya mawe nyuma ya nyumba na gereji za Arusha, Moshi na Karatu zina wanunuzi wawili wanaojulikana. Wa kwanza ni mtu wa chuma chakavu, na wa pili ni fundi anayewinda spea. Mnunuzi wa tatu, ambaye wauzaji hawajamzoea sana, ni mzazi mwenye kijana wa sekondari. Huyu hatafuti gari la kupanda kesho asubuhi. Anatafuta kazi ya likizo kadhaa za Juni na Desemba, na mwisho wa kazi hiyo apate gari linalotembea na kijana anayejua kulifungua na kulifunga.

Mpango huo unaweza kulipa, na unaweza pia kumeza ada ya shule. Tofauti kubwa hutokea siku ya kununua.

Gari linalozungumziwa zaidi hapa ni ile 109 ya Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Namba 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Fupi yake ni 88. Kuitambua si kazi. Series III ina grili ya plastiki, na saa zake za dashibodi ziko mbele ya dereva, wakati zilizoitangulia zina saa katikati. Giaboksi yake pia ni rahisi kwa dereva mgeni, kwa sababu gia zote nne za mbele huingia bila ubishi.

Magari haya hayaongezeki. Uzalishaji wa Defender, iliyotokana na ukoo huo ulioanza 1948, ulikoma Solihull, Uingereza, Januari 2016. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka. Kwa hiyo soko linazungusha yaleyale yaliyomo nchini. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilionyesha kwamba wenye mapenzi nayo bado ni wengi. Hata hivyo, mwenye gari akianza kutaja bei za wakusanyaji wa Ulaya, mnunuzi ampe pole na kuendelea na safari. Bei hizo ni za magari yaliyokwisha kutengenezwa, tena huko huko.

Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, nayo huwadanganya wengi. Gari linaweza kukaa mvuani miaka 20 na bodi ikaonekana nzima, kumbe chini yake chasisi ya chuma imekwisha. Kutu hupenda mwamba wa nyuma wa chasisi, mikono inayoshikilia bodi, na pale zinapofungwa springi. Huula pia ukuta wa chuma kati ya injini na dereva, hasa karibu na miguu. Mnunuzi aende na nyundo ndogo na bisibisi, alale chini, agonge urefu wote. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya debe bovu. Lami au rangi nyeusi mpya chini ya gari lililosimama miaka mingi ni sababu ya kugonga mara mbili.

Injini isiyowaka isimtishe sana. Ile ya silinda nne ya sentimita za ujazo 2,286, ya petroli au dizeli, mafundi wa rika la wazee wanaijua kwa vidole. Jambo la kupima ni kama inazunguka kwa mkono au imegoma kabisa. Hata iliyogoma inaweza kubadilishwa. Chasisi iliyooza huhitaji bodi yote ivuliwe, na hapo hesabu ya mwanzo huwa karatasi tupu.

Kadi ya gari ina uzito uleule wa chasisi. Mengi ya magari haya bado yako kwa jina la marehemu, chama cha ushirika kilichokufa au mradi uliofungwa. Mtoto wa marehemu hawezi kuuza kwa sababu tu gari liko uani kwao. Anayetakiwa kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Namba ya chasisi ilinganishwe na kadi kabla ya fedha kutoka mfukoni, na anayenunua kwenye mnada wa serikali au shirika ahakikishe anakabidhiwa nyaraka za kubadilishia usajili TRA. Gari lisilo na kadi ni spea, na lipewe bei ya spea.

Tuseme mzazi ametenga Sh. milioni 10. Akinunua gari la milioni 7 kwa sababu rangi yake inavutia, mradi umekufa. Busara ni kununua kwa milioni 3 au 4, kuacha milioni 5 za kazi, na kutogusa kilichobaki, maana lazima litokee jambo. Fedha ianze kwenye chasisi, bereki na usukani, kisha injini na giaboksi. Rangi ni ya mwisho. Wanaoanza na rangi huishia kuuza gari linalong'aa lisilotembea, na mnunuzi wa gari la namna hiyo hana huruma. Lililofunguliwa nusu ni baya zaidi: likiwa vipande ndani ya maboksi huuzwa kwa bei ya chini kuliko lilivyokuwa juu ya mawe. Kila kinachofunguliwa kiwekwe kwenye mfuko wake na kuandikwa jina.

Hapo ndipo kijana anapoingia, na asiishie kushika tochi. Akabidhiwe daftari la matumizi. Yeye ndiye abebe spea mbovu kama sampuli hadi Gerezani au kwenye maduka ya Arusha, aulize bei milango mitatu, arudi na risiti. Mafao yake yajulikane mapema: binti akimwuliza baba, "Gari likiuzwa, fungu langu ni lipi?", jibu liwe limekwisha andikwa ukurasa wa kwanza wa daftari hilo. Jasho lake likihesabiwa kuwa bure, faida inayoonekana mwishoni ni ya uongo.

Spana ziwe za inchi. Zile za milimita zilizozoeleka kwenye Toyota huteleza na kula kona za nati. Kuchomelea chasisi na kurekebisha pampu ya dizeli apewe fundi, na tangi la mafuta litolewe kabla moto haujawashwa. Vumbi la bereki za zamani lisipulizwe kwa upepo, kwani laini za miaka hiyo ziliweza kuwa na asbesto. Lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Leseni ya gari hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, hivyo kwa mwenye miaka 15 mradi wa miaka miwili au mitatu hauna haraka. Gari likikamilika, wanunuzi wa uhakika ni wakulima na wafugaji wa barabara mbovu, ambao watataka kuona gia ya kupandia mlima ikifanya kazi kabla ya kuuliza rangi.

Asiyepata 109 yenye kadi safi huelekezwa na madalali kwenye Toyota Land Cruiser za namba 40, zilizotengenezwa 1960 hadi 1984. Ni gari gumu pia, lakini bodi yake ni chuma, kwa hiyo nyundo isiishie chini. Izunguke milango, sakafu na pembe za nyuma.