Kukataa Karata kama Mbinu katika Mchezo wa Slay the Spire

Slay the Spire ni mchezo wa kompyuta wa mchezaji mmoja, uliobuniwa na Anthony Giovannetti na Casey Yano wa Mega Crit, Marekani, na kutolewa kwa ukamilifu mwaka 2019. Mhusika hupanda mnara akipambana na maadui kwa karata. Akifa, safari huanza upya na karata alizokusanya hupotea. Mchezaji mgeni hudhani kuwa nguvu ni wingi wa karata. Makala haya yanashikilia kinyume chake.

Mhusika aitwaye Ironclad huanza na karata 10: tano za kushambulia, nne za kujikinga, na moja, Bash, inayomfanya adui aumie zaidi. Kila zamu huvutwa karata tano, kisha hutupwa. Za kuvuta zikiisha, zilizotupwa huchangwa upya. Kwa hiyo Bash hujitokeza mara moja katika kila zamu mbili. Fungu likifikia karata 30, mzunguko huo huwa wa zamu sita, na pambano huweza kuamuliwa kabla haijaonekana.

Ndiyo maana, baada ya ushindi, mchezaji huoneshwa kwa kawaida karata tatu na kuruhusiwa asichukue hata moja. Mfanyabiashara naye hutoza dhahabu 75 kumwondolea karata moja, na bei hupanda kwa 25 kila mara. Kulipa ili upungukiwe ni jambo geni kwa aliyezoea michezo ya kulimbikiza. Aidha, kwa kuwa adui huonesha dhamira yake kabla ya kupiga, bahati mbaya si utetezi tosha wa kushindwa. Mara nyingi chanzo ni karata iliyopokelewa mapema bila haja.