Urea Inayopotea Majarubani

Mavuno ya mpunga yakiwa haba, swali la kwanza huwa ni mifuko mingapi ya urea iliingia shambani. Nadhani swali hilo linaruka jambo lenye uzito zaidi: mbolea iliwekwa wapi, na mpunga ulikuwa umefikia hatua gani. Urea ina nitrojeni asilimia 46, lakini katika majaruba yenye maji mpunga mara nyingi hupata chini ya nusu yake. Ikimwagwa juu ya maji huyeyuka na kuwa amonia. Mchana mwani hufyonza kaboni dioksidi, maji yanapungua asidi, na amonia inapaa hewani. Inayosalia kwenye tabaka jembamba la juu ya udongo, ambako oksijeni bado ipo, bakteria huigeuza nitrati. Nitrati hiyo ikizama kwenye tope lisilo na hewa, bakteria wengine huigeuza gesi ya nitrojeni, nayo hutoka bila kugusa mzizi. Jaruba linalokauka na kujaa bila mpango huzidisha hasara hiyo.

Bangladesh wakulima wengi wamejibu kwa kufukia vidonge vya urea kati ya mashina manne, kina cha sentimita 7 hadi 10. Huko chini amonia hushikwa na udongo wa mfinyanzi, na mizizi, ambayo hupokea hewa kupitia mirija ya shina, huifuata polepole. Wakati nao una kauli yake. Nitrojeni ya mapema huongeza machipukizi. Ile inayowekwa suke linapoanza kujiumba ndani ya shina huamua wingi wa punje. Ikizidi, mpunga mrefu kama Supa, au Pishori ya Mwea, huanguka, na ugonjwa wa blasti hupata majani laini ya kushambulia. Mkulima amelipia mbolea, akavuna mapepe.

Wapo watakaosema kwamba wakulima wetu hutumia mbolea kidogo mno, na kwamba mazungumzo ya muda na kina yanawakwepesha wanaopaswa kuishusha bei. Ni kweli kwamba ratiba haiwezi kulisha shamba ambalo halikupata mbolea yoyote. Lakini mwenye mfuko mmoja ndiye anayeumia zaidi nusu yake ikipaa, kwa hiyo ruzuku bila maelekezo ya matumizi ni msaada nusu. Wala nitrojeni peke yake haitoshi. Huko Pantnagar, India, mpunga uligeuka rangi ya kutu na watu wakadhani ni ugonjwa wa kuambukiza, hadi mwaka 1966 Y. L. Nene alipoonyesha kwamba ni upungufu wa zinki. Kufurika kwenyewe hupunguza zinki ambayo mmea unaweza kuifyonza, na urea haiwezi kuziba pengo hilo.

Pingamizi zito zaidi ni la nguvukazi: kufukia vidonge ni kazi ya kuinama siku nzima. Hilo silipuuzi. Palipo na mfereji, ipo njia nyepesi: palilia kwanza, punguza maji hadi tope lionekane, mwaga urea, kisha rudisha maji taratibu yaishushe mizizini. Majaruba ya Shinyanga yanayotegemea mvua hayana mfereji wa kufungua, na hapo busara ni kugawa kiasi kidogo mara mbili, kwenye tope lenye unyevu, palizi ikishakamilika.