Nyumba ya Kukodi: Kasoro Ipi Uitengeneze, Ipi Umwambie Mwenye Nyumba

Siku hizi si watu wa mjini peke yao wanaolipa kodi ya nyumba. Hata huku kwetu, ukifika sokoni utaona ploti za vyumba vinane au kumi, na wanaokaa humo ni walimu, vijana wa bodaboda, akina mama wa mitumba na mafundi wa jua kali. Wengi wetu pia tuna watoto walio Nairobi, Nakuru au Eldoret ambao wanaishi katika chumba kimoja cha kukodi. Tena kuna wanakikundi ambao wao wenyewe wamejenga vyumba viwili vitatu vya kupangisha. Kwa hivyo habari hii inatuhusu sisi sote.

Mpangaji mara nyingi husema, "Nyumba si yangu, kwa nini nihangaike nayo?" Mwenye nyumba naye husema, "Mimi sikai humo, kama kuna shida wangeniambia." Basi kasoro inabaki hapo katikati na kuendelea kukua. Anayeumia kwanza ni yule anayelala humo: godoro limelowa, mtoto anakohoa, bili ya maji imepanda, na siku ya kuhama depositi hairudi. Dawa yake ni kujua kazi yako ni ipi, ya mwenye nyumba ni ipi, na ni jambo gani lisilongoja mtu yeyote.

GAWANYA KASORO MAFUNGU MATATU

Fungu la kwanza ni vitu vidogo vinavyochakaa kwa kutumiwa kila siku: washa ya mfereji, balbu, bawaba iliyolegea, sinki iliyozibwa na mabaki ya chakula. Hivi unaweza kuvitengeneza mwenyewe kwa pesa kidogo.

Fungu la pili ni mwili wa nyumba: paa, kuta, nyaya zilizo ndani ya ukuta, bomba kuu, mtaro na choo cha wote. Hapa kazi yako ni kuchunguza, kuandika, na kumwambia mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Fungu la tatu ni hatari ya kifo: hewa ya makaa, gesi inayovuja, stima inayorusha cheche. Hapa kwanza unaokoa watu. Mambo ya nani atalipa yatazungumzwa baadaye.

MFEREJI UNAODONDOKA

Mfereji ukidondoka hata baada ya kuufunga, usizidi kuukaza kwa nguvu, maana utauharibu kabisa. Mara nyingi shida ni washa, kile kipande kidogo cha raba kilicho ndani, ambacho kimelika. Funga koki kuu iliyo karibu na mita. Kama koki ni ya ploti nzima, waambie majirani kwanza. Fungua mfereji maji yaliyobaki yatoke, halafu fungua kichwa chake kwa spana. Toa washa kuukuu, nenda nayo dukani upewe ya saizi ile ile. Ukishairudisha, fungua koki polepole ukiangalia kama kuna mahali panapovuja.

Usidharau matone. Weka kikombe cha nusu lita chini ya mfereji. Kikijaa kwa saa moja, hizo ni lita 12 kwa siku, na lita 360 kwa mwezi. Yaani mitungi 18 ya lita 20 imemwagika bure.

Kama bili imepanda na hakuna mfereji unaodondoka, kubalianeni na majirani mfunge mifereji yote usiku. Mmoja asome mita na kuandika namba. Baada ya saa moja asome tena. Namba ikiwa imesonga, bomba linavuja chini ya ardhi au ukutani. Hilo ni la mwenye nyumba, na namba mlizoandika ndizo ushahidi wenu.

SINKI NA BAFU

Kinachoziba sinki zaidi ni mafuta ya kupikia. Yakiwa moto hupita, yakipoa huganda na kushika wali, ugali na majani ya chai. Pangusa sufuria kwa karatasi kabla ya kuiosha. Ikishaziba, jaribu maji ya moto na ule mpira wa kuzibulia wenye mpini. Ikishindikana, weka karai chini na ufungue lile bomba lililopinda chini ya sinki, usafishe, urudishe.

Usilitupe bomba hilo lililopinda ati linashika uchafu. Maji yanayobaki humo ndiyo yanayozuia harufu ya mtaro isirudi ndani. Hata shimo la bafu likitoa harufu baada ya kukaa siku nyingi bila kutumiwa, mara nyingi ni maji hayo yamekauka. Mwaga mtungi mmoja wa maji, kisha ungoje uone.

Tahadhari: usichanganye dawa ya kusafishia choo na ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Zikikutana zinaweza kutoa hewa ya sumu. Na kama vyumba vitatu au vinne vimeziba siku moja, usihangaike na sinki yako. Kilichoziba ni mtaro mkuu, na huo si wako.

PAA NA UNYEVU

Maji yakidondokea kitandani, si lazima tundu liwe juu ya kitanda. Maji huingia mahali, yakafuata mbao, ndipo yakaanguka mbali. Mvua ikinyesha chukua tochi, fuata njia ya maji hadi yanakotoka, weka alama ya chaki. Sababu za kawaida ni tatu: raba ya msumari imepasuka, mabati yameoza kwa kutu, au fundi alipiga msumari bondeni mwa bati badala ya mgongoni. Maji hupita bondeni, kwa hivyo msumari wa hapo hauachi kuvuja.

Usipande juu ya paa, hasa likiwa limelowa. Mpangaji akianguka, hasara ni ya watoto wake. Wewe onyesha alama, fundi wa mwenye nyumba apande. Na maji yakifika karibu na balbu au waya, zima swichi kuu kwanza.

Ukuta ukiwa na unyevu, tazama unaanzia wapi. Ukianzia juu, ni paa. Ukianzia chini na kupanda kama maji kwenye kitambaa, unatoka ardhini. Lakini ukuta ukiota ukungu mweusi pembeni na nyuma ya kabati, mara nyingi ni mvuke wa kupikia na nguo zinazoanikwa ndani. Hapo dawa ni yako: fungua dirisha, sogeza kabati kutoka ukutani, anika nguo nje.

STIMA

Stima ikipotea, uliza maswali kwa mpangilio. Majirani wanayo? Tokeni zimeisha? Swichi kuu imeanguka? Kama imeanguka, chomoa kila kitu kwenye soketi, kisha uiinue. Ikikaa, rudisha vitu kimoja kimoja. Kile kinachoiangusha tena ndicho kibovu. Ikianguka hata wakati hakuna kitu kimechomekwa, kasoro iko kwenye nyaya za nyumba. Usiendelee kuiinua kwa nguvu. Mwambie mwenye nyumba alete fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA.

Soketi yetu ya pini tatu ni ya ampea 13. Kwa volti 240, hiyo ni kama wati 3,100. Birika la stima la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 zikiwekwa pamoja kwenye ekstensheni moja, zimeshazidi. Soketi ikiwa moto ukiigusa, au ikinuka kama plastiki inayoungua, acha kuitumia leo, si kesho. Na kamwe usifunge waya mahali pa fyuzi iliyokatika. Fyuzi hukatika ili nyumba isiungue.

MAKAA NA GESI

Hapa naomba tusikie vizuri. Jiko la makaa likiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya watu, kwa sababu wanadhani moshi ukiisha hatari imeisha. Wakati wa baridi, kati ya Juni na Agosti, watu huliingiza jiko ndani wapate joto, wakafunga mlango na kuziba upenyo wa dirisha kwa matambara. Wengine hawaamki.

Usilale na jiko ndani, hata kama makaa yamefunikwa na majivu. Mkianza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au udhaifu wa miguu mkiwa karibu na jiko, tokeni nje wote mara moja, na mwende hospitalini. Aliyelala mwamshe na umtoe.

Mtungi wa gesi ukinuka, usiwashe kiberiti, wala usiguse swichi ya taa, kuwasha au kuzima. Funga mtungi, fungua mlango na dirisha, utoe watu. Kama unaweza kuubeba mtungi bila hatari, upeleke nje kwenye upepo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini sakafuni, kwa hivyo acha mlango wazi muda mrefu. Kutafuta mahali panapovuja hutumii moto. Paka povu la sabuni kwenye mpira na kichwa cha mtungi. Povu likitoa mapovu mapya, ndipo hapo.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012, kifungu cha 65, inaeleza wajibu wa anayekodisha. Akikodisha sehemu tu ya jengo, kama vyumba vya ploti, anatakiwa kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mitaro mikuu, na sehemu zinazotumiwa na wote. Chumba cha kuishi kinatakiwa kifae binadamu kukaa, siku ya kuingia na siku zote. Mpangaji naye ana wajibu wa kulipa kodi na kutunza alichokabidhiwa. Soma pia mkataba wenu kama upo.

Choo au mtaro ukimwagika na mwenye nyumba anyamaze, afisa wa afya ya umma anaweza kuja kuona na kutoa notisi. Na kwa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, iliweka baraza maalum la kusikiliza ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba.

Lakini jihadharini na jambo moja. Watu wengi wakikasirika huacha kulipa kodi, ati mpaka paa litengenezwe. Deni la kodi likishakuwapo, Sheria ya Sura ya 293 inamruhusu mwenye nyumba kutuma dalali mwenye leseni akamate vitu vyako. Uliyekuwa na haki umegeuka mdaiwa. Ukikubaliana na mwenye nyumba kwamba utalipa fundi na kukata kwenye kodi, iandikwe, itiwe sahihi, na risiti uiweke.

DAFTARI LA NYUMBA

Siku ya kuingia, kabla ya kupanga vitu, zungukeni na mwenye nyumba au keateka. Andikeni kioo kilichopasuka, kitasa kilichovunjika, ukuta wenye doa. Pigeni picha kwa simu. Nyote wawili mtie sahihi. Hilo ndilo litakalolinda depositi yako.

Baadaye kila kasoro iandike: tarehe, umeona nini, umemwambia nani, amejibu nini. Mwambie kwa mdomo kwanza, kwa heshima. Wiki ikipita bila jibu, andika barua fupi na ubaki na nakala. Kama kasoro ni ya wapangaji wote, barua iwe moja na sahihi ziwe nyingi. Ndugu zetu wenye vyumba, mkipata barua hiyo msiione kama matusi. Msumari mmoja unaobadilishwa leo ni nafuu kuliko mbao za paa zilizooza.

KIKUNDI KINAWEZA KUSAIDIAJE

Si kila mtu anaweza kununua vifaa. Kikundi kinaweza kununua kidogo kidogo na kuweka sanduku moja: spana, playa, bisibisi, nyundo, tochi, mpira wa kuzibulia sinki, tepu nyeupe ya bomba na washa chache. Mmoja alitunze, na anayeazima aandike jina na tarehe. Pia mwombeni fundi bomba wa sokoni awafundishe jioni moja kubadilisha washa, kila mtu akijaribu kwa mkono wake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika nyumba tunazokaa, ni kasoro gani tumeshazizoea? Ziko fungu la ngapi?
2. Je, watoto wetu walio mjini wanajua hatari ya jiko la makaa? Nani atawapigia simu wiki hii?
3. Wenye vyumba miongoni mwetu, tunapenda tuambiwe kasoro kwa njia gani?
4. Sanduku la vifaa tutalianza na nini, na kila mmoja atatoa shilingi ngapi?